Kiestonia ukiwa Tanga: vitabu vya kununua na vya kuacha

Kitabu cha kujifunzia Kiestonia kilichoandikwa kwa Kiswahili sijakiona, na kwa umri huu sina muda wa kukisubiri. Utapitia Kiingereza, au utaingia moja kwa moja kwenye Kiestonia chenyewe. Na vitabu si vingi. Wenye lugha yenyewe ni kama watu milioni 1.1 tu, wakati mkoa wetu wa Tanga peke yake ulikutwa na watu zaidi ya milioni 2 na nusu kwenye sensa ya 2022. Uchache huo una faida yake: mtu akitulia anaweza kuvijua vingi vinavyomfaa anayeanza, akachagua bila papara.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sasa nimestaafu, nakaa Ngamiani. Mwanangu wa pili alikwenda kusoma Tartu, mji wa Estonia, kwenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1632, akaoa hukohuko. Mjukuu wangu anakielewa Kiswahili cha baba yake, ila ukimsemesha anakujibu kwa lugha ya mama yake. Bibi yake wa upande wa pili ndiyo usiseme; tukipigiana simu ya video tunabaki kuonyeshana meno. Hiyo ndiyo sababu yangu. Yako inaweza kuwa shule, kazi au ndoa. Vijana wa hapa mjini wanaojiandaa kwenda kusoma hunipitia jioni barazani kuuliza wanunue kitabu gani, nami huwajibu kwa swali: kina sauti?

Kitabu bubu kiache dukani

Kwa Kiswahili, ukizijua herufi umeshajua kutamka. Kiestonia sivyo. Kina sauti fupi, sauti ndefu, na sauti ndefu zaidi, na hiyo ndefu zaidi mara nyingi maandishi hayaionyeshi. Lina ni shuka. Linna, kwa n iliyokazwa, ni "ya mji". Linna hiyohiyo ikivutwa zaidi ni "kwenda mjini". Mbili za mwisho zinaandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Utazitofautishaje kwa macho? Kamusi zao nzuri huweka alama ndogo ya mshazari mbele ya irabu kuonyesha mvuto huo wa tatu, lakini alama haisaidii kitu kama sikio halijawahi kuusikia.

Halafu sisi tuna mambo yetu. Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Wao wanaanza nao, silabi ya kwanza kabisa. Mswahili akikutana na neno õpetaja, yaani mwalimu, atakazia "ta" kabla hajajua amefanya nini. Kwetu "kaa" na "taa" zina silabi mbilimbili, kila irabu na yake. Kwao aa ni silabi moja iliyovutwa. Na tuna mazoea ya kufunga kila neno kwa irabu, kwa hiyo raamat, ambacho ni kitabu, kinatoka mdomoni kama "raamati". Mambo haya hayaelezwi kwenye vitabu vyao kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Kitakachokuokoa ni kusikia mara nyingi na kurudia kwa sauti, hata kama majirani watakushangaa.

Basi kabla ya kulipa, tafuta sauti ya somo moja tu uisikilize. Je, wasemaji ni zaidi ya mmoja, mwanamke na mwanamume? Je, wanasema kwanza polepole kisha kwa mwendo wa kawaida, au ni mwendo wa mbio kutoka mwanzo mpaka mwisho? Je, kuna nafasi ya wewe kurudia? Na je, unaweza kupakua faili ukazihifadhi kwenye simu? Hili la mwisho lipe uzito. Kusikiliza mtandaoni kila siku kunakula bando, na somo moja halisikilizwi mara moja likaisha. Vitabu vya miaka ya 2000 vilikuja na sidii ndani ya jalada. Kama unaletewa na mtu, mwambie akunakilie sidii kwenye fleshi kabla hajaondoka, maana kompyuta yenye pa kuchomeka sidii siku hizi hapa mjini utaisaka.

Fungua ukurasa wa msamiati

Hapa ndipo ninapochukua muda mrefu kuliko kwingine kote. Sisomi dibaji wala sitazami picha ya jalada. Nakwenda kwenye orodha ya maneno ya somo la nne au la tano, naangalia kila nomino imeandikwa mara ngapi.

Nomino ya Kiestonia ina hali 14, yaani maumbo yanayobadilika kulingana na kazi ya neno kwenye sentensi. Usishtuke. Waingereza wanashtuka kwa sababu jina lao limesimama palepale siku zote. Wewe uliyekua ukisema kitabu hiki kizuri kimepotea, vitabu hivi vizuri vimepotea, umeshazoea neno moja kuburuta mengine. Tofauti ni kwamba sisi tunabadili kichwa, wao wanabadili mkia. Hizo hali 14 karibu zote zinajengwa juu ya maumbo matatu ya mwanzo, ambayo wao huyaita nimetav, omastav na osastav. Raamat, raamatu, raamatut. Ukilipata la pili, unalipachika mikia tu: raamatus ni ndani ya kitabu, raamatust ni kutoka kitabuni.

Shida ni kwamba umbo la kwanza halikuambii la pili litakuwaje. Tuba ni chumba, umbo la pili ni toa. Mkate ni leib, leiva, leiba. Mkono ni käsi, käe, kätt, ukiniuliza kwa nini nitakuambia nenda kawaulize wenyewe. Kwa hiyo kitabu kinachoandika "käsi" na tafsiri yake kikaishia hapo kimekupa theluthi moja ya neno. Utakwama siku ya kwanza unapotaka kuhesabu, kwa sababu baada ya namba kuanzia mbili wanatumia umbo la tatu: kaks raamatut, vitabu viwili. Ukikanusha pia, umbo la tatu. Ni umbo la kila siku, si la wasomi.

Vitenzi vina kipimo chao. Kamusi hutaja kitenzi kwa umbo la -ma, lakini unahitaji pia la -da na la nafsi ya kwanza. Kusoma ni lugema, lugeda, na "ninasoma" ni loen. Nani angebahatisha loen kutoka lugema? Kitabu kizuri kinakupa yote matatu tangu somo la mwanzo bila maelezo marefu, unayakariri kama yalivyo, sheria zinakuja baadaye.

Mimi nina daftari la kaunta, kila ukurasa nimeupiga mistari safu nne. Tatu ni za maumbo, ya nne ni ya sentensi fupi iliyotoka kwenye somo, siyo niliyoitunga mwenyewe. Nikikuta neno kitabuni halina maumbo yake, naliacha wazi kisha nalijaza kutoka kwenye kamusi. Nafasi zilizo wazi zikizidi zilizojaa, najua kitabu hicho hakinifai.

Ukurasa wa mahali nao uangalie. Kwenye Kiswahili tunasema mezani pale na nyumbani mle, tunatofautisha juu na ndani bila kufikiri. Wao wana mkia wa -s kwa ndani na -l kwa juu: majas, nyumbani, laual, mezani. Tanga inakuwa Tangas ukiwa humu, Tangast ukitoka, Tangasse ukija. Mswahili anaishika sehemu hii haraka. Kama kitabu kimeigawa kwenye masomo sita ya kujikokota, ruka.

Kitabu cha Kiingereza kinamwandikia Mwingereza

Ukitumia vitabu vya Kiingereza, usivisome kama ulivyofundishwa shuleni, ukurasa kwa ukurasa. Kuna kurasa ambazo hazikuhusu. Watakueleza kwa mshangao kwamba Kiestonia hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye nafsi ya tatu. Na sisi je? Watakueleza kwamba hakuna vile vijineno vya Kiingereza vinavyotangulia majina. Na kwetu havipo. Pita.

Lakini kuna kurasa ambazo Mwingereza anaweza kuzipita na wewe inabidi ukae. Moja ni ya wakati ujao. Sisi tuna -ta-, tunaitegemea, wao hawana. Wanatumia wakati uliopo na kutaja siku: homme ma lähen Tartusse, kesho nakwenda Tartu. Nyingine ni ya saa. Wanahesabu saa kizungu, halafu nusu wanaihesabia kwenye saa inayokuja, si iliyopita. Pool kolm kwao ni saa 2:30, ambayo kwetu ni saa nane na nusu. Hapo una hesabu mbili za kufanya kichwani kabla hujafungua mdomo. Tafuta kitabu chenye picha nyingi za saa za mishale, na mazoezi mengi ya ratiba za basi na miadi. Kama yako machache, tunga yako.

Angalia hela iliyomo

Mitandaoni utauziwa au kupewa vitabu vya zamani, na siyo vyote vina mwaka unaoonekana, hasa nakala zilizopigwa picha. Mimi naangalia mazungumzo ya dukani. Wakilipa kwa rubla, hicho ni cha enzi za Kisovieti au kimechelewa kidogo tu. Wakilipa kwa kroon, ni cha kati ya 1992 na 2010. Kuanzia Januari 2011 wanatumia euro. Sarufi haijazeeka kwa kiasi cha kukudhuru, lakini mazungumzo ya kununua kadi ya simu ya kibandani na kutuma telegramu hayatakufikisha popote ukishuka uwanja wa ndege wa Tallinn. Kitabu cha kroon kwa sarufi, sawa. Kwa mazungumzo, tafuta cha euro.

Vitabu vyenyewe

Anayejisomea peke yake na Kiingereza chake kinatosha, namwambia aanze na Complete Estonian cha Mare Kitsnik na Leelo Kingisepp. Waandishi wote wawili ni walimu wa lugha hiyo kwa wageni, na inaonekana: mazungumzo yanafanana na watu wanavyosema, na masomo yanapanda taratibu. Colloquial Estonian cha Christopher Moseley kiko karibu na hicho, na sauti zake mchapishaji ameziweka mtandaoni bure, hata asiyenunua kitabu anaweza kuzisikia. Ukiwa na kimoja, cha pili usikinunue. Nasema hivi kwa sababu nimewaona vijana wenye faili kumi na mbili kwenye simu, zote za wanaoanza, na bado hawawezi kuomba maji. Kukusanya vitabu vya somo la kwanza ni sawa na kupanda mabasi sita tofauti yote yakaishia Muheza; Dar hufiki.

E nagu Eesti cha Mall Pesti na Helve Ahi ni jambo jingine. Masomo yake yako kwa Kiestonia, kimetungwa kwa ajili ya darasa lenye mwalimu. Kwa mtu aliye peke yake Tanga kitamchosha. Ila ukiwa na mtu wa kukusikiliza, hata kwa simu mara moja kwa wiki, nakipenda kuliko vyote, kwa sababu hakikupitishi kwenye Kiingereza. Neno unalipata kwenye Kiestonia na kulijibu kwa Kiestonia. Mwendelezo wake ni T nagu Tallinn cha Mall Pesti.

Kwa sarufi ya kurejea, si ya kusoma mfululizo, kuna kitabu cha Juhan Tuldava kilichotolewa kwa Kiingereza na Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1994. Ni kikavu. Mwalimu mstaafu anakifurahia. Kijana wa miaka 20 anaweza kukifanya mto wa kulalia. Akifika ngazi ya kati, kile cha Mare Kitsnik kiitwacho Praktiline eesti keel teise keelena ndicho kinachompeleka B1 na B2, ngazi za kati kwenye kipimo cha lugha cha Ulaya kinachoanzia A1 mpaka C2.

Ukisoma majalada, maneno haya yatakusaidia: õpik ni kitabu cha mwanafunzi, töövihik ni daftari la mazoezi, sõnastik ni kamusi, algajatele maana yake ni kwa wanaoanza. Na lile muhimu kwa asiye na mwalimu: võti, ufunguo, yaani majibu ya mazoezi. Zoezi lisilo na majibu kwa mtu anayejisomea ni wino uliopotea, huwezi kujua kama umepata au umekosa.

Vya bure, na vizuri

Programu maarufu ya yule bundi wa kijani, Duolingo, haina Kiestonia, usiitafute. Iliyopo ni bora: Keeleklikk, kozi ya bure mtandaoni kwa wanaoanza, inafundisha kupitia Kirusi au Kiingereza. Unajiandikisha kwa barua pepe tu. Ina video, mazoezi yanayojisahihisha, na maelezo ya sarufi mafupi. Ukiimaliza, inayofuata ni Keeletee ya ngazi ya B1, nayo bure. Vijana wasio na hela ya kitabu nawaambia waanze hapo na wasione wamepungukiwa. Tatizo ni video, zinahitaji intaneti iliyotulia. Wapo wanaofanya somo zima mahali penye waifai, wanaandika maneno kwenye daftari, kisha nyumbani wanarudia kwa daftari.

Kamusi usinunue. Taasisi ya Lugha ya Kiestonia ina Sõnaveeb, iko wazi kwa kila mtu tangu 2019. Unaandika neno, linakuja na maumbo yake yote, na mengi unabonyeza unasikia linavyotamkwa. Kuna upande wake uliopunguzwa kwa ajili ya wanaojifunza. Anza na huo, upande mkubwa utakufurikisha. Cha kufurahisha zaidi, ukiandika umbo lolote, mfano kätt, inakurudisha kwenye käsi. Kamusi nyingi za karatasi haziwezi hilo, utapekua kätt mpaka ulale.

Mashine za kutafsiri tumia kwa kusoma tangazo, usizitumie kujifunza. Zinakupa sentensi iliyokwisha bila kukuonyesha maumbo, nawe unabaki ulivyokuwa.

Redio ya taifa lao ina stesheni iitwayo Vikerraadio, inasikika mtandaoni. Mimi huiwasha nikiwa napika, sisumbuki kuelewa. Nasikiliza mkazo unapoangukia, namba, majina ya siku kwenye utabiri wa hali ya hewa. Majira yao ya joto saa zetu na zao zinalingana, majira ya baridi wao wako nyuma kwa saa moja, kwa hiyo taarifa ya habari ya asubuhi inanikuta niko macho.

Vitabu vya watoto, kwa tahadhari

Kila mtu atakushauri uanze na vitabu vya watoto. Mtoto wa miaka mitano anajua maneno maelfu ambayo wewe hujui, na mashairi ya watoto yamejaa maneno ya kale na ya kuchezea ambayo hutayakuta dukani wala ofisini. Vitabu vya mashairi viweke kando mwanzoni. Vya hadithi fupi za nathari vinafaa, lakini baada ya kumaliza nusu ya kitabu chako cha kozi.

Mwanangu aliniletea Sipsik cha Eno Raud, kimetoka mara ya kwanza 1962. Ni habari za mwanasesere wa vitambaa ambaye mvulana Mart alimshonea dada yake Anu. Sura ni fupi, watu ni walewale, nyumba ni ileile, kwa hiyo maneno yanajirudia bila wewe kuyatafuta. Hicho ndicho kipimo changu cha kitabu cha hadithi: je, maneno ya sura ya kwanza yanarudi sura ya tatu? Jumamosi nampigia mjukuu wangu namsomea nusu ukurasa. Nikifika kwenye neno lenye mvuto ananisimamisha. "Ei, vanaema," bibi, siyo, kisha analitamka yeye, analivuta mpaka baba yake anacheka kule nyuma. Narudia. Ananisimamisha tena. Hana huruma hata kidogo, na sidii haijawahi kunifanyia hivyo.

Kama huna mjukuu kule, tafuta mtu wa kubadilishana naye: wewe unampa Kiswahili nusu saa, yeye anakupa Kiestonia nusu saa. Mchagulie kitabu kabla, mkubaliane ukurasa. Mazungumzo ya "habari, hujambo" yasiyo na kitabu huisha wiki ya pili.

Herufi, karatasi na hewa ya bahari

Kiestonia kina õ, ä, ö na ü, na kila moja ni herufi kamili inayobadili maana. Kõrv ni sikio, korv ni kikapu. Ndiyo maana nakala zilizopigwa ovyo, zilizomeza viwimbi na nukta, ni hatari kuliko kutokuwa na kitabu. Fungua ukurasa wowote wa nakala uliyopewa, utafute õ. Kama huioni ukurasa mzima, au unaona viboksi, futa faili hilo.

Ukienda kuchapisha kurasa za mazoezi kwenye stesheneri, peleka PDF. Ukipeleka faili la kuandikia, kompyuta ya pale inaweza kukosa herufi hizo ikakuwekea alama za kuuliza, na ukishachapisha umeshalipa. Kwenye simu, ongeza kibodi ya Kiestonia upande wa mipangilio ya lugha. Ni kazi ya dakika moja na haikuongezei gharama. Usijizoeze kuandika bila viwimbi kwa kisingizio kwamba wenyewe wataelewa.

Vitabu vya gundi tupu, visivyoshonwa, hewa yetu ya bahari inavilegeza. Kurasa zinaanza kutoka katikati, pale unapofungua zaidi. Changu nilikipeleka wakakitoboa na kukitia springi, kinalala wazi mezani bila kushikwa. Jalada nimelifunika kwa karatasi ya kalenda ya ukutani, upande mweupe nje, na juu yake nimeandika orodha ya kurasa zenye majedwali ninayoyarudia kila mara.

Kama una mtihani mbele yako

Anayekwenda kuishi huko kwa muda mrefu ajue kwamba serikali hupima Kiestonia kwa ngazi nne, A2, B1, B2 na C1, na kufaulu ni alama 60 kwa 100. Anayeomba uraia anadaiwa B1. Mtihani una kuandika, kusikiliza, kusoma na kuzungumza. Mamlaka yao ya elimu na vijana, Harno, huweka mitihani ya mfano mtandaoni bila malipo. Pakua ya ngazi unayoitaka mapema, hata kama huwezi kujibu hata swali moja, uone wanauliza kitu gani, kisha chagua kitabu kinachofanana nao. Kuna vitabu vitamu vya kusoma visivyokufundisha kuandika barua ya malalamiko kwa mwenye nyumba, na mtihani huo ndio unaoitaka.

Anayekwenda kwa shahada inayofundishwa kwa Kiingereza hana haja ya mbio hizo. A1 ya Keeleklikk, sauti zikiwa zimenyooka, inamtosha kuanzia. Mengine atayakuta darasani huko.

Vitabu vya karatasi huagizwa kwenye maduka yao makubwa kama Rahva Raamat na Apollo, au kwa mtu anayekuja likizo. Ukimwagiza mtu, usimwambie "niletee kitabu cha Kiestonia". Atakuletea cha kwanza alichokiona, au kamusi nzito ya wenyewe kwa wenyewe. Mwandikie jina la kitabu, mwandishi, na toleo. Mwandikie kwamba õpik na töövihik mara nyingi huuzwa mbalimbali, na wewe unavitaka vyote viwili. Mwambie afungue kurasa za mwisho aangalie kama majibu yamo. Na fleshi ya sauti aiweke kwenye mkoba wa mkononi.